Utheni wa Fanuel

Fanuel alijiunga na kikundi cha maigizo ya kale ili apumzike, basi. Wiki nzima alikuwa msimamizi wa wodi hospitalini. Akirudi nyumbani Ilford, huko ughaibuni, simu za ndugu kutoka kwao Vihiga zilimsubiri, maana yeye ndiye kifungua mimba. Jumapili alikuwa mwenyekiti wa kamati kanisani. Lakini Jumamosi, kikundi kilipopiga mahema bustanini kuwaonyesha watu maisha ya Waanglo-Saksoni, Waingereza wa kale wa miaka elfu iliyopita, Fanuel alivaa kanzu ya sufu, akawa mkulima wa kawaida, akapasua kuni. Hakuna aliyemwuliza neno.

Jumamosi moja alikuja moja kwa moja kutoka shifti ya usiku, macho mekundu. Mzee Dhiren akamjia akichechemea. Dhiren alizaliwa Nairobi, akauza dawa dukani huko Kingsbury mpaka alipostaafu, na tangu kikundi kianze yeye ndiye aliyeigiza theni, yaani mwinyi mwenye ardhi anayemtumikia mfalme.

"Fanuel, magoti yamekataa. Leo theni ni wewe."

"Mimi mkulima, Mzee."

"Mkulima aliweza kupanda cheo. Akipata ardhi ya kutosha, kanisa lake, jiko lake, lango lake na kiti katika ukumbi wa mfalme, alihesabiwa theni."

"Na baada ya hapo?"

Dhiren akajikuna kidevu. "Baada ya hapo anaenda vitani akiitwa. Anatengeneza ngome, anatengeneza madaraja. Watu wake wakigombana, wanakuja kwake."

"Hiyo kazi ninayo tayari, tena bila upanga. Mwambie mwenzetu Marion."

"Marion amekataa. Nadim amekataa. Hata mimi sikuitaka, ila nilikuwa na gari la kubebea mahema, wakanitwika."

Fanuel akacheka kidogo, kisha akasema hapana. Dhiren hakumsihi. Aliketi kwenye gogo, akanyoosha miguu, akafumba macho.

Mchana watazamaji wakajaa. Poonam, aliyeigiza mjumbe wa mfalme, akaingia na mkuki, akapaza sauti: maadui wameonekana mtoni, theni wa nchi hii yuko wapi?

Hakuna aliyejitokeza. Akauliza tena. Watu wakaanza kutazamana. Dhiren akajaribu kuinuka, akashika goti, akakaa.

Fanuel alikuwa ameinamia kuni zake. Miguu ndiyo iliyomsaliti. Ilisimama kabla hajaamua, kama inavyosimama wodini mgonjwa akiita.

"Nipo," akasema kwa Kiswahili, kisha akakumbuka, akarudia kwa Kiingereza.

Makofi yakalia. Dhiren akamvika joho lake, zito, linalonuka moshi, akamfunga upanga kiunoni.

"Ni leo tu, Mzee."

"Hata mimi nilisema hivyo."

Onyesho lilipokwisha, Fanuel hakupata hata nafasi ya kukaa. Marion alimshika mkono: mvua inakuja, turubai la jikoni limechanika, na mlinzi wa bustani anauliza mkubwa wa hapa ni nani.

Fanuel akavuta pumzi ndefu, akauliza kamba ziko wapi.