Filamu ya Tano

Mama wa Studio alikuwa na mkono mmoja wa kazi na mmoja wa kubembeleza. Wa kulia ulianza kumsaliti mwaka uliopita. Ulikuwa ukifa ganzi bila taarifa, na vidole vikaachia kikombe au kijiko kama vile havikuwa vyake. Madaktari walimpa dawa ya kupaka na ushauri wa kupumzika. Dawa aliipaka.

Kazi yake ilikuwa kusafisha filamu. Mjomba wake ndiye aliyemfundisha, na alipofariki akamwachia studio, chumba cha giza na mashine kongwe iliyokula nusu ya meza. Mashine yenyewe ilikuwa beseni refu la maji ya uvuguvugu. Ndani ya maji hayo lililazwa pipa jeusi la plastiki, mota ikalizungusha polepole, na dawa ikawa inajiviringisha humo na kuzilowesha filamu pande zote. Mapipa madogo hayakumpa shida. Shida ilikuwa lile kubwa, la filamu nane, lenye kitako cha chuma cha kunasia sumaku ya mota. Tupu tu lilikuwa zito. Likishatiwa dawa lilikuwa na uzito wa mtoto aliyepitiwa na usingizi, ule uzito unaokuponyoka mikononi.

Tangu mkono uharibike, aliyelinyanyua pipa kubwa alikuwa mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Picha hakuzijua, ila aliambiwa anyanyue akanyanyua, akaambiwa atue akatua.

Jumatano moja asubuhi aliingia Mkunga. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo, na nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiwa bado haijui kulia. Alikuwa amebeba kopo la biskuti lililofungwa kwa utambi wa taa.

"Mwanangu, nahama," alisema akikaa. "Binti yangu ananichukua nikakae naye. Sasa nisafishie mzigo huu kabla sijaondoka."

Ndani ya kopo mlikuwa na filamu nane, kila moja ina kipande cha plasta chenye namba, na daftari dogo lililojikunja pembe. Mkunga akaeleza. Miaka ile zahanati ililetewa kamera na wageni waliotaka kumbukumbu za watoto wachanga. Akawa anampiga kila mtoto picha siku ya pili baada ya kuzaliwa, na kuandika kwenye daftari. Wageni wakaondoka, hakuna aliyerudi kuulizia. Filamu zikakaa kabatini miaka ishirini na sita.

"Sijui kama zitatoa kitu," Mama wa Studio alimwambia. "Filamu nayo inazeeka."

"Na mimi nimezeeka, lakini bado natoa kitu. Jaribu."

Alipoondoka, Mama wa Studio aliliweka daftari kwenye droo bila kulifungua. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba hakulifungua.

Kesho yake asubuhi aliingia chumba cha giza na mumewe, akaziba upenyo wa mlango kwa blanketi, akazima taa. Gizani alikuwa hodari kuliko kwenye mwanga. Alizifumua filamu moja moja, akazisokota kwenye spuli zake, vile vigurudumu vya plastiki vya kushikia filamu, kwa vidole vya kushoto, akazipanga ndani ya pipa, ya kwanza chini na ya nane juu. Plasta zenye namba zilibaki kwenye makopo matupu ya filamu, lakini hilo halikumtia wasiwasi. Mpangilio ulikuwa ndani ya pipa.

Kilichobaki kilikuwa kifuniko. Kifuniko cha pipa lile hukazwa kwa kukilalia kwa uzito wa mwili, na meza ilikuwa juu mno. Ilibidi pipa lishushwe kwenye kigoda.

"Baba, shika kitako."

"Nimeshika."

"Sasa sogea kushoto, taratibu."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwangu. Tumeelekeana."

"Kwako ni wapi sasa, na mimi sikuoni?"

"Basi usisogee. Shusha tu."

"Nishushe hapa hapa?"

Hakuna anayejua hadi leo ni nani aliyeachia. Yeye alidhani mkono wake umekufa ganzi, mumewe alidhani ameambiwa atue. Pipa liliinama, zikasikika spuli zikigonga sakafu na kuviringika kila moja na njia yake, kama kuku waliofunguliwa banda.

"Usiwashe taa," mke alisema.

"Sijagusa kitu."

"Usiwashe, baba. Tukiwasha zimekwisha zote."

Wakapiga magoti, wawili wazima, wakipapasa sakafu kama waliopoteza sindano. Waligongana vichwa mara moja, wakaombana radhi. Baada ya muda mke alikuwa na nne.

"Wewe unazo ngapi?"

"Tatu."

"Saba. Moja iko wapi?"

Walirudia chini ya sinki, nyuma ya mlango, chini ya meza. Jasho lilimtiririka na akili ikaanza kumruka. Mwishowe mumewe akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama, "Kuna nyingine hapa kwapani. Niliibana nikaisahau."

Wakazirudisha kwenye pipa. Ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, Mungu ndiye ajuaye. Kifuniko kikakazwa, taa ikawashwa, wakatazamana macho yakiwauma. Mumewe akalibeba pipa hadi kwenye mashine, likanasa kwenye sumaku. Mota ikaguna kidogo kwa uzito, kisha ikalizoea. Yeye akamimina dawa na kusimama na saa. Kila dawa ilipomaliza zamu yake, mumewe alilinyanyua pipa likichuruzika maji, yeye akaliinamisha kwa mkono wa kushoto hadi likajimwaga lote. Dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha maji, kisha maji tena.

Walipozitundika, filamu zilikuwa na ukungu wa kijivu, lakini picha zilikuwemo. Watoto wachanga, mamia, wamefungwa kama vifurushi, kila mmoja katika kidirisha chake.

"Wote wamefanana," mumewe alisema.

Ndipo Mama wa Studio akaenda kuchukua daftari, ili ajue namna ya kuzirudishia filamu namba zake. Mwandiko wa Mkunga ulikuwa mdogo na mnyoofu. Namba ya filamu, namba ya picha, mvulana au msichana, kisha mama kwa kazi yake au mtaa wake. Akapekua akitafuta alama yoyote. Kwenye filamu ya tano, mstari wa ishirini na mbili, akasoma: "Mvulana. Mama wa studio."

Akausoma tena. Akatazama dirishani, akarudi kwenye daftari, na maneno yalikuwa yale yale.

Mtoto wao wa kwanza aliishi siku tisa. Hakuwahi kupata jina. Baadaye walizaa mabinti wawili, wakawalea, wakawaoza, na picha zao zilijaa ukutani. Wa kwanza hakuwa na picha. Mama wa Studio aliyekuwa akipiga na kusafisha picha za watoto wa watu wote, wa kwake hakumpiga hata moja, kwa sababu siku zile tisa alikuwa mgonjwa kitandani na akidhani muda upo. Kwa miaka ishirini na sita alijaribu kuukumbuka uso ule, na kila mwaka uso ulizidi kuyeyuka.

Mumewe alimkuta amesimama, daftari mkononi.

"Vipi?"

Alimpa asome. Dereva alisoma, akakaa kwenye kigoda kile kile cha pipa.

"Ni ipi filamu ya tano?" aliuliza.

"Sijui. Hapo ndipo tulipofika, baba. Sijui."

Siku nzima hawakufungua studio. Walitafuta alama. Daftari lilisema filamu ya tano ina pacha kwenye mstari wa kumi na moja, wamelazwa pamoja, na filamu nyingine zote hazina pacha. Walipowaona wale wawili, vichwa vimeegemeana, mumewe alitoa pumzi kama aliyetua gunia. Filamu imepatikana. Kilichobaki, alisema, ni kuhesabu, na kuhesabu si kazi ya kumshinda dereva.

Ilimshinda. Kwenye mstari wa ishirini na nne daftari lilisema kuna msichana mwenye bandeji mguuni, naye walimwona waziwazi. Walipohesabu kutoka kwa pacha kwenda mbele, mtoto wao alikuwa aliyefumba macho, ngumi imekaa shavuni. Walipohesabu kutoka kwa msichana wa bandeji kurudi nyuma, alikuwa yule aliyefuata, mwenye macho wazi yanayotazama pembeni. Wakahesabu tena, wakabadilishana, akihesabu huyu na kuangalia yule. Picha zilikuwa zimezidi moja. Mahali fulani Mkunga alimpiga mtoto mmoja mara mbili na hakuandika.

Mama wa Studio alizichapa zote mbili, kubwa, akaziegemeza ukutani. Alitegemea kwamba akiona tu, moyo utamwambia. Watu husema mama hamsahau mwanawe. Alitazama wa ngumi, akamtazama wa macho. Moyo ulikaa kimya. Akimwangalia huyu anaona ni yeye, akimgeukia yule anaona ni yeye vilevile. Hapo alilia, si kwa huzuni tu, bali kwa aibu, kama aliyeulizwa jina la mwanawe mbele za watu likampotea.

"Mimi naona wa ngumi," mumewe alisema kwa upole. "Alikuwa anakunja ngumi."

"Wachanga wote hukunja ngumi."

"Ni kweli," alisema. "Basi sijui na mimi."

Wakampelekea Mkunga. Alivaa miwani, akazitazama picha kwa zamu hadi chai yake ikapoa.

"Mwanangu, nisikudanganye. Nimezalisha watoto wengi mno, na siku ya pili wote wana sura moja. Nilikuwa narudia picha mtoto akipiga chafya." Akagusa daftari kwa kidole. "Lakini mstari wa ishirini na tatu ni mtoto wa fundi cherehani. Mlilala vitanda vya jirani. Kama huyu wa macho ni wake, basi wa ngumi ni wako. Muulizeni."

Fundi cherehani aliishi mtaa wa pili. Mvulana wake sasa alikuwa mtu mzima, fundi bomba, na mwenye watoto. Mama mwenyewe alikuja studio jioni ile ile, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akaelezwa habari yote toka mwanzo. Alisikiliza bila kukatiza. Kisha akaziinamia picha.

"Dada," alisema baadaye, bila kugeuka, "wewe unamwona yupi?"

"Simwoni yeyote. Nikimwangalia huyu ni yeye, nikimwangalia yule ni yeye."

Fundi alizidi kuinama. Aliinyoosha mikono akaichukua picha ya mwenye macho wazi, akaiweka mbali, akaileta karibu, akaiweka mbali tena.

"Huyu ni wangu," alisema. "Wako ni huyo wa ngumi."

"Una hakika?"

"Macho haya ndiyo aliyo nayo mpaka leo."

Akaichukua picha yake, akawashika mikono wote wawili, akaondoka. Mama wa Studio alibaki mlangoni akimwangalia akivuka barabara. Alikuwa na swali: kama fundi alimtambua mwanawe kweli, kwa nini alimuuliza yeye kwanza? Na kama hakumtambua, alichagua kwa kigezo gani? Labda alikuwa na hakika. Labda aliona jirani yake amezama, akamrushia kamba iliyokuwa karibu. Alimweleza mumewe wasiwasi huo.

"Unataka nimfuate nikamuulize?"

Alifikiri sana. "Hapana," alisema. "Akisema hajui, tutakuwa wapi?"

Wiki ile ilijaa watu. Kina mama waliingia studio na wanaume wenye ndevu nyuma yao, wakachagua vichanga kutoka mezani. Wawili waligombea mtoto mmoja, na kila mmoja akaondoka na nakala yake ameridhika. Mmoja alimkana wa kwake kwamba hakuwa na pua ile. Mkunga alikaa kitini akisaini nyuma ya kila picha, akicheka na kujifuta macho, na Jumapili binti yake akaja kumchukua.

Picha ya mtoto wa ngumi waliiweka ukutani, kabla ya picha za mabinti. Siku ya kuitundika, mumewe aliigeuza akachukua kalamu, halafu akasita, maana hapakuwa na jina la kuandika. Walishauriana. Mwishowe aliandika kwa herufi kubwa za dereva: "Mzaliwa wetu wa kwanza. Siku ya pili." Hayo ndiyo yaliyokuwa na hakika.

Ya pili, ya mwenye macho wazi, Mama wa Studio alijichapia nakala nyingine, akaiweka kwenye droo ya mezani. Kuna asubuhi, mumewe akiwa bado hajaja kunyanyua mapipa, huifungua droo ile, akaitazama picha kidogo, kisha akaifunga droo na kwenda kupasha maji ya mashine.