Jibu Lililolazwa Wodini

Jumatano, tarehe tatu Septemba. Asubuhi hii Mafinga imefunikwa na ukungu mzito, baridi inauma masikio, na misonobari ya ng'ambo ya barabara haionekani kabisa. Inasikika tu ikidondosha maji.

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeshaanza kusomea udaktari, ila hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kama nimechaguliwa.

Kabla sijasimulia, niseme hali ilivyo. Nina miaka arobaini na moja. Mchana nafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya misonobari, najaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Jioni nimesoma, kidato baada ya kidato, pamoja na watoto wa rika la binti yangu Devota. Nimeomba chuo cha udaktari mara tatu, na tumekubaliana na mume wangu kwamba hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Majina yanatoka leo. Nimekuwa nikisali novena, sala ya siku tisa, kwa Mtakatifu Luka, ambaye naye alikuwa tabibu, na leo ndiyo siku ya kuifunga. Nilipanga kushinda kanisani na akina mama wa jumuiya yetu mpaka jibu litoke.

Mambo ya wodini nimesimuliwa na mdogo wangu Aneth, aliye mwaka wa nne wa udaktari. Kila akipiga simu hunipa kanuni moja ya kumhudumia mgonjwa. Nadhani ndizo zilizonifuata usingizini.

Nimekaa kwenye benchi la mbao katika korido ndefu. Benchi linakohoa.

"Dada, inuka," linasema. "Zamu yako wodini imeanza."

Nikaliuliza kama maana yake ni kwamba nimechaguliwa.

"Mimi ni benchi," likajibu. "Najua uzito wa watu. Matokeo yao sijui."

Nikaliomba radhi, nikainuka. Lilipiga mwayo, likaondoka zake kwa miguu minne, taratibu, kama mlinzi aliyekabidhi lindo.

Daktari bingwa akaja. Alikuwa koti jeupe lisilo na mtu ndani. Lilitembea wima, limefungwa vifungo vyote, na lilizungumza kupitia kifungo cha tatu. Nyuma yake walikuja wanafunzi wenzangu, wote vijana. Mmoja alinipisha akidhani mimi ni mama wa mgonjwa. Nilipomwambia kuwa ni mwanafunzi mwenzake, aliniamkia shikamoo, kisha akaniuliza kama nina kalamu ya ziada.

"Mikono," Koti likasema.

Hiyo ni kanuni: pasha mikono joto kabla hujamgusa mgonjwa. Aneth aliniambia kwamba wao huisugua tu. Hapa kulikuwa na jiko la mkaa katikati ya korido, na mikono ya wanafunzi ilikuwa imepangwa juu yake kama mahindi ya kuchoma. Muuguzi aliigeuza kwa koleo. Nikavua yangu, nikaiweka pembeni. Haikuuma. Muuguzi akaitazama, akasema mikono ya kitaluni ina ngozi ngumu, itachukua muda. Wenzangu wakavaa yao, wakaondoka. Mimi nikabaki. Nilitaka kufanya ishara ya msalaba lakini sikuwa na cha kufanyia, basi nikainamisha kichwa tu.

"Hii tayari," muuguzi akasema, akanipa kwanza wa kulia.

Nafungua mlango wa wodi na ni kitalu chetu. Kivuli cha nyavu ni kilekile, mipira ya kumwagilia ni ileile. Wagonjwa wamepandwa kwenye viriba vikubwa mpaka kiunoni, wamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Nilifurahi, kwa sababu hiyo kazi naijua. Nikachukua mpira. Koti likanishika bega kwa mkono mtupu, likanieleza kwamba wodini hatumwagilii kabla ya kuuliza.

"Na simama kulia kwa mgonjwa," likaongeza.

Nikaenda kulia kwa mgonjwa wa kwanza, mzee wa makamo. Naye akageuka ndani ya kiriba chake anitazame, maana si adabu kuzungumza na mtu ubavuni. Nikazunguka tena. Akageuka tena. Tuliendelea hivyo mpaka tukachoka, tukapeana pole.

Mzee huyo alikuwa amekishika kichwa chake kwapani, kama mtu aliyevua kofia kwa heshima.

"Habari za leo, mzee?"

"Nzuri," kichwa kikajibu.

"Za nyumbani?"

"Nzuri tu. Hawajambo wote."

Nikaligeukia Koti, nikalieleza kwamba mgonjwa hana tatizo. Likauliza kama nina hakika. Nikasema amenihakikishia mwenyewe, mara mbili. Basi muuguzi akachana kiriba kwa mkasi, mzee akajipangusa udongo, akaniombea baraka na kuondoka. Alipofika getini, kichwa kikatazama nyuma kutoka kwapani.

"Nzuri," kikasema, "ila."

Geti likafungwa. Neno hilo lilibaki upande wetu, limesimama peke yake kwenye changarawe, halijui liende wapi.

"Umemsalimia," Koti likasema. "Hujamuuliza."

Nikaona haya. Nikaazimia kumuuliza wa pili kwa bidii. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sura ya upole.

"Unaumwa kichwa, siyo mama?"

"Ndiyo, dokta."

"Na tumbo pia?"

"Na tumbo pia."

"Na pembe, zinakusumbua?"

"Kama dokta anaziona, basi zipo," akasema, na pembe mbili zikamchomoza polepole juu ya kilemba. Akaniomba msamaha kwa usumbufu. Mwanafunzi mmoja akatundika taulo kwenye ile ya kushoto.

"Usimwekee mgonjwa maneno mdomoni," Koti likasema. Halikupandisha sauti. Niliikumbuka kanuni hiyo, Aneth alishanipa.

Wakati huo stetoskopu niliyovaa shingoni ikagoma. Ilidai kwamba imesikiliza mioyo ya watu miaka yote na hakuna aliyewahi kuiombea. Nikaona ni haki yake. Nikasali Atukuzwe Baba, nayo ikasema amina kabla sijamaliza, ikajipangusa kwenye sweta langu.

Mwisho wa wodi ukungu ulikuwa umeingia. Ndani ya ukungu palikuwa na kitanda kimoja cha kweli, na juu yake kitu kimejifunika blanketi mpaka kidevuni. Nilikitambua kabla ya kuambiwa, kama unavyomtambua mwanao kwa mgongo sokoni. Lilikuwa jibu langu.

Muuguzi aliniambia kwamba limelazwa muda mrefu. Ndiyo maana lilikuwa halijatoka.

Mashavu ya jibu yalikuwa yamevimba. Koti liliniambia nilifumbue mdomo nitazame. Ndani mlijaa maneno, na yote yalikuwa neno moja: Ndiyo. Kulikuwa na Ndiyo za jana, na za wiki iliyopita, na nyuma kabisa, karibu na koo, Ndiyo kuukuu zilizoota kuvu. Koti likauliza ni nani aliyeziweka.

"Ni huyu mama," muuguzi akasema. "Huja kila siku na rozari yake, hulitilia moja, halafu huondoka. Hajawahi kukaa."

Wanafunzi wote wakatazama sakafu, kwa kunistahi.

"Zitoe," Koti likasema.

Nikazitoa moja moja, nikaziweka kwenye bakuli la chuma. Zilikuwa na uvuguvugu, kama viazi vitamu vilivyotoka kwenye maji. Niliomba niruhusiwe kuacha moja, nyuma ya gego, ambako haitamsumbua mtu. Koti likakataa. Nikajitetea kwamba tumefundishwa kuomba bila kuchoka.

"Umeomba," likasema. "Sasa nyamaza ujibiwe. Kila mwanafunzi ana swali moja."

Najua ninachotaka kuuliza. Wodi nzima inajua. Mwenye pembe anasogeza kiriba chake karibu asikie vizuri. Mdomo wa jibu sasa ni mtupu na safi, na likisema ndiyo, itakuwa ndiyo kweli. Likisema hapana, sitarudi tena darasani, tumekubaliana. Nimefungua kinywa. Neno "nimechaguliwa" liko tayari ulimini.

Lakini jibu lilikuwa linatoka jasho. Lilikuwa limekunja uso kama mtu anayesubiri mgeni aondoke ndipo agumie kwa maumivu. Mikono yangu ilikuwa na joto, na nilikuwa nimesimama kulia.

"Nini kinakusumbua?" nikauliza.

Mwanafunzi mmoja alisonya. Swali langu lilikuwa limekwisha.

"Hakuna," jibu likasema. "Nzuri tu."

Nikanyamaza. Misonobari ikaota kutoka kwenye viriba, ikatoboa nyavu, ikakomaa, ikakatwa. Mbao zikapita zimebebana zenyewe. Wenzangu walihitimu, wakarudi na mvi, wakanisalimia, wakaondoka. Sikusema kitu. Sijawahi kunyamaza hivyo hata mbele ya Sakramenti.

"Nzuri," jibu likasema, "ila."

Tukasubiri.

"Ila huu mguu wa kushoto. Ndala inanivuka njiani, nami naendelea kutembea kama ninayo. Sisikii baridi, sisikii moto. Tangu kabla ya mavuno. Sikusema, kwa sababu nyumba nzima inasubiri jambo kubwa."

Sauti ile haikuwa ya jibu. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima aliyezoea kutosumbua watu. Nikanyoosha mikono niushike huo mguu chini ya blanketi, na nilipougusa nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mume wangu alikuwa ameshatoka na simu kutafuta mtandao kwenye kilima. Nikajifunga kitenge, nikatoka kwenda kwenye jiko, ambalo kwetu liko uani, hatua chache kutoka mlango wa nyuma.

Katikati ya njia palikuwa na ndala moja ya bluu, ya mguu wa kushoto, imelala kifudifudi, imelowa umande. Kuanzia pale, nyayo kwenye udongo zilikuwa za aina mbili: moja ya ndala, moja ya vidole vitupu. Ziliendelea hivyo mpaka mlango wa jiko, bila kusita popote.

Ndani, mama mkwe wangu alikuwa anakoroga uji. Tunaishi naye tangu baba mkwe afariki, na yeye ndiye huamka wa kwanza. Mguu wa kushoto ulikuwa peku. Kidole gumba kilikuwa kwenye jivu la moto, naye anakoroga tu.

Nikachuchumaa, nikausogeza ule mguu taratibu. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, nikamuuliza ameamkaje.

"Nzuri tu, mwanangu."

Hiyo nzuri nimeipokea kila asubuhi, nikaenda nayo kitaluni. Leo nilikaa kwenye kigoda, mguu wake magotini mwangu, nikanyamaza. Akanitazama. Akauliza kama majina yameshatoka na mimi simo. Nikanyamaza. Akachungulia sufuria, akatazama mlango, akafunika uji, akaufunua.

"Nzuri," akasema, "ila."

Akaniambia yote. Mguu wa kushoto. Ndala. Baridi na moto. Alipofika kwenye "tangu kabla ya mavuno" nilikuwa nimefumba macho, namshukuru Mungu na kumwogopa kwa wakati mmoja.

Mara wakafika akina mama wa jumuiya kunipitia. Mwenyekiti wetu, Mama Kihwele, alisimama mlangoni, rozari kwenye kiganja.

"Haya, tabibu mtarajiwa," akasema. "Mtakatifu Luka amefika kabla yako."

Nikawaonyesha kidole kilichobabuka. Mama mkwe akaufunika mguu kwa khanga haraka, akawaambia wanichukue, novena haiachwi siku ya mwisho kwa ajili ya mguu wa mtu mzee.

"Huu mguu haukimbii," akasema. "Haujui hata kutembea na ndala."

Akina mama wakacheka, kisha wakaacha. Mume wangu akaingia anahema. Mtandao ulikuwa umerudi, majina yametoka, ukurasa ulikuwa unafunguka polepole mkononi mwake. Alisema kwa upole kwamba nitazame kwanza, ni kitambo kidogo tu, halafu tutajua la kufanya kuhusu mama. Alinisogezea simu usoni. Niliona mwanga wake. Kama ningeinua macho kidogo ningesoma, na namwomba Mungu anisamehe kwa jinsi nilivyotaka kuinua.

Nikaipokea simu, nikaigeuza, nikamkabidhi Mama Kihwele. Akaifunga ndani ya leso yake bila kuuliza, akapiga fundo. Devota alikuwa ameingia na ile ndala, akasimama nayo mkononi.

"Mtakuwa mashahidi wangu," nikasema. "Leo nampeleka mama hospitali, na jina langu silitafuti mpaka daktari auangalie mguu huu. Na jina liwepo, lisiwepo, masomo siachi. Na kila asubuhi Mungu atakayonipa nitamuuliza mama ameamkaje, na sitainuka kwenye kigoda hiki mpaka aifikie ila yake."