Guangzhou ya Mohdhar

Huda aliijua Guangzhou kuliko alivyoijua Al Nahda, mtaa wa Dubai anakokaa, na Guangzhou yenyewe hajawahi kuikanyaga. Tangu mumewe Mohdhar amuage kwenda China kufunga mzigo wa vitambaa, alishinda na ramani kwenye simu. Mimba ya miezi minane haikumpa nafasi ya kukaa wala kulala, basi alizunguka tu, dirishani hadi jikoni, akimfuata mumewe kwa kidole: mtaa wa Xiaobei walikojaa wafanyabiashara wa Kiafrika, kisiwa cha Shamian na majumba yake ya kale, mlima wa Baiyun kule kaskazini. Alichotaka ni kimoja: Mohdhar arudi kabla hajajifungua.

Mchana ule akampigia tena.

"Uko wapi leo?"

"Kando ya Mto Lulu, mama. Mnara wa Canton huu hapa, kuutazama mpaka shingo yauma. Nikitoka hapa napita Huaisheng, ule msikiti wao wa kale."

"Nionyeshe uso wako basi."

"Mtandao wa huku, Huda, si waujua."

Mohdhar alijaliwa mdomo. Akikueleza mahali, unapaona. Huda akacheka, akaendelea kuzunguka.

"Wamaliza lini?"

Kabla hajajibiwa, msikiti wa jirani ukaadhini adhuhuri. Na ndani ya simu, nyuma ya Mohdhar, adhana hiyohiyo, sauti hiyohiyo ya muadhini mmoja anayesikika misikiti yote ya Dubai. Guangzhou saa hizo adhuhuri ilishapita zamani. Bwana mkubwa alikariri mitaa yote ya Wachina, akasahau nyakati za swala!

Huda akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kutulia siku hiyo.

"Mohdhar, uko wapi?"

Adhana ikaisha, huku na huko.

"Al Warqa, hapahapa Dubai, kwa rafiki yangu Himid. Viza walininyima, wallahi. Na wewe ulishawaambia Mombasa nzima naenda China. Nikaona haya. Nikasema nijifiche mpaka nipate nyingine, khalas. Sina mwanamke, Huda, naapa."

Alimwamini, na hilo ndilo lililomchoma. Lau ni mwanamke, Huda angejua la kufanya.

"Al Warqa na hapa ni teksi moja," akasema.

"Najua."

"Juzi nilikupigia nalia, damu zanitoka. Jirani ndiye aliyenipeleka hospitali. Wewe uliniambia lau ungekuwa karibu, ungekuja mbio."