Doa Kwenye Taulo ya Numakura

Walisema anatema damu. Nililisikia jambo hilo sokoni asubuhi, nikichagua ngisi, kwa Mama Otsuki wa duka la tofu, naye alilisikia kwa mteja ambaye hakumtaja. Kwamba Numakura, huyu anayetuletea mitungi ya gesi na Jumapili anaimba roki, ana kifua kikuu. Kwamba akimaliza wimbo hujifuta mdomo kwa taulo nyeupe, na taulo hubaki na wekundu. Na kwamba vijana wanaomfuata hunywa naye birika moja. Nilirudi nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Naandika haya kwa akina mama wenzangu. Shule niliacha darasa la sita, mwaka ule vita vilipoisha, kwa hiyo mnisamehe mwandiko. Mwaka uliofuata mdogo wangu Fusae alikufa kwa kifua. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia beseni. Nikisikia damu na kifua vimetajwa pamoja, siulizi tena.

Binti yangu Chinatsu ana miaka ishirini, yuko kiwanda cha samaki wa makopo, na tangu akiwa shule hajakosa hata Jumapili moja ya Numakura na kundi lake. Kundi linaitwa Honi za Ukungu. Numakura anaimba, Kudo kinyozi yuko kwenye ngoma, Bi Shimoda wa shule ya chekechea anapiga gitaa la besi, na Nozawa, fundi wa injini za meli, gitaa. Hawana santuri. Redio haiwajui. Mashabiki wao hawafiki arobaini, na hao arobaini nilikuwa siwaelewi. Wana kanda walizorekodi wenyewe, kila moja na tarehe yake, na walikuwa wakikaa mezani kwangu kubishana kama mwezi wa Mei Bi Shimoda alichelewa kuingia kwa kusudi au kwa bahati. Chinatsu alikuwa akiniambia, "Mama, watu wanamsikia mwimbaji tu. Wasikilize wale watatu wanavyomshikia ngazi." Nami namwambia apunguze sauti.

Nilimuuliza habari ya damu. Akacheka, akasema mimi na Mama Otsuki tungefaa kuajiriwa redioni. Nikamuuliza habari ya birika. Akasema birika lipo, akavaa viatu, maana alikuwa amechelewa zamu. Basi nikalichukua lile "birika lipo" nikalifanya ushahidi.

Siku hiyo ubao wa mtaa, ule unaopita nyumba kwa nyumba, ulikuwa umefika kwangu, na matangazo yake ya siku za takataka na usafi wa mifereji. Kazi yangu ilikuwa kusoma, kupiga muhuri na kuupeleka nyumba inayofuata. Nikachomeka karatasi: wazazi wenye vijana wanaokwenda ukumbini juu ya duka la nyavu, mwimbaji ana ugonjwa wa kifua, wabaki nyumbani. Jina langu sikuandika. Nikaupeleka. Mtaa wetu una nyumba thelathini na nane. Na mnajua wenyewe, kikishapita kwenye ubao kimekuwa tangazo. Hakuna anayeuliza kimetoka wapi, na kila muhuri unakiongezea ukweli.

Jambo nililokuwa silijui ni hili. Ukumbini makundi matatu hupiga mchana mmoja, na mlangoni Bwana Hatakeyama, mwenye ukumbi, humuuliza kila aingiaye amekuja kusikiliza lipi, kisha huchora mstari kwenye daftari. Mwezi huo alikuwa amewaambia Honi za Ukungu kwamba mistari yao isipofika thelathini Jumapili ya mwisho wa mwezi, Jumapili yao itakwenda kwa vijana wa kutoka Sendai. Mashabiki wote walijua. Ndiyo maana Jumapili ile, nilipomkataza Chinatsu kutoka, alinipita kama nguzo.

Saa nane mchana nikamfuata. Hatakeyama akaniuliza kwa adabu, "Mama umekuja kumsikiliza nani?"

"Sikuja kumsikiliza mtu. Nimekuja kumchukua binti yangu."

Akaishusha kalamu.

Ndani, mbele ya jukwaa, walikuwa watu tisa. Nilisimama nyuma nikingoja wimbo uishe, na hapo ndipo nilipousikia kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ya kanda za Chinatsu kupitia ukutani. Ni wimbo wa mtu anayepanda ngazi za majengo yetu na mtungi begani, na kwenye kila ghorofa ananusa chakula cha wenyewe. Ghorofa ya tatu anakuta mchuzi wa samaki wa makrili na tangawizi, na mtu anakohoa nyuma ya mlango. Ghorofa ya tatu ndiyo kwangu. Sauti yake ina mikwaruzo, si nzuri. Lakini kila ilipotaka kuanguka, ngoma ya Kudo ilipunguza mwendo kidogo na besi ikaingia chini yake. Niliona ile ngazi. Wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga makofi mpaka mlio wa mwisho wa gitaa ulipokufa kabisa. Kisha wale tisa wakapiga, Chinatsu amesimama wima, machozi yanamtoka.

Nikaenda nikamshika mkono wa sweta.

"Mama," Kudo akasema kutoka kwenye ngoma, "ukimchukua huyo tunabaki na wanane, na mmoja wao ni mke wangu, kaja kwa lazima."

Wakacheka kidogo. Numakura akatema kitu kwenye kisosi, akajifuta mdomo. Taulo ikabaki na doa jekundu. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu yake, chumvi na majani mekundu. Doa lile nalisugua kwenye aproni zangu kila mwaka nikitengeneza plamu za chumvi, matunda tunayoyatia rangi kwa majani hayo. Kwenye kisosi kulikuwa na kokwa. Kando ya birika, lililozungukwa na vikombe kumi na kitu, kila mtu na chake, palikuwa na mtungi mdogo wa udongo uliomeguka kifuniko. Mtungi wangu.

Nikauliza ni plamu za nani, ingawa nilishajua.

Numakura akainama. "Zako, Mama Chinatsu. Mwaka wa tatu sasa. Bila hizo sauti yangu haifiki wimbo wa nne. Nilidhani unajua."

Na mimi nyumbani nilikuwa nafurahi nikiona plamu zinapungua. Nikidhani mtoto anakula vizuri.

Chinatsu akaniuliza, polepole, "Karatasi ya kwenye ubao. Niliuona ule mwandiko kwa jirani zetu kina Mimura. Ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

Hakuna aliyenigombeza. Bi Shimoda alikaza waya wa gitaa lake. Nozawa aliangalia viatu. Numakura akasema, "Haya, tumalizie zilizobaki," wakapiga nyimbo tano mbele ya watu tisa kama vile foleni imefika barabarani.

Nilishuka mlangoni nikamwomba Hatakeyama anichoree mstari. Akachora. "Kumi," akasema. "Pole, mama." Jumapili yao ikaenda Sendai.

Niliandika karatasi ya pili ya kukanusha, safari hii na jina langu. Ubao ulichukua siku kumi na sita kuzunguka. Mwenye kampuni ya gesi alikuwa tayari ameshamtaka Numakura apigwe picha ya kifua, na picha ilikuwa safi. Numakura bado ananiletea mtungi. Anainama, anafunga bomba, anashuka. Zamani alikuwa akishuka ngazi anaimba kwa pua. Siku hizi nasikia viatu tu. Chinatsu anakula nyumbani, ila plamu hagusi, na mtungi wake wa udongo umejaa.

Kwa hiyo, akina mama:

Usiandike kwenye ubao jambo ambalo hukuliona.
Usiipigie muhuri karatasi isiyo na jina.
Usichukue nusu ya jibu la mtoto ukajimalizia mwenyewe.
Usiliite doa damu kabla hujalinusa.
Usiseme mlangoni kwamba hukuja kumsikiliza mtu.
Usingoje ubao uzunguke ndipo uombe radhi. Nenda nyumba kwa nyumba, siku hiyohiyo.