Sabuni ya Hilali

Mwaka wa tisini na sita, Winifrida, mpiga chapa wa parokia moja ya Kasulu, alijigamba kwamba angeandika kutwa nzima na kubandika ukutani ukurasa mpya kila nusu saa. Kwa kila ukurasa, Hilali mwenye duka aliahidi kuwapa wakimbizi wa Burundi katoni ya sabuni. Ilipofika saa saba maneno yakamkauka, akabandika: "Sina la kusema." Hilali akausoma, akatoa katoni bila kucheka.

Mkimbizi mmoja, Mpawenimana, akasogea mezani. "Mama, basi andika langu. Namtafuta mdogo wangu Divine. Tulipotezana Nyabibuye, tulipovuka mpaka."

Nyuma ya Mpawenimana wakajipanga wengine.

Saa kumi sabuni ikaisha dukani. Winifrida akaitazama foleni, akachomeka karatasi nyingine kwenye taipureta.

"Na wewe unamtafuta nani?"