Ni Majani Tu

Sikio la ng'ombe lilifika maabara limefungwa ndani ya mfuko wa sukari. 'M'e Mathuso, mama mkulima aliyelileta, alikuwa ameshuka nalo kutoka Ha Lebusa, huko milimani, akalala kituo cha basi Maseru, na blanketi lake lilikuwa bado na unyevu. Alimkabidhi Daktari Puleng mfuko kwa mikono miwili.

"Hatukumpasua, dokta. Ulitufundisha, ng'ombe akianguka ghafla na damu puani, asipasuliwe, likatwe sikio tu. Nimewazuia wanaume mpaka mume wangu kanitukana. Nikamwambia, nitukane, lakini huyu tunamzika."

Ndilo dume walilokuwa wamebaki nalo la kulimia.

Puleng alipaka damu kwenye kioo, akaitia rangi, akainamia hadubini. Vijiti vilikuwa vimejipanga pingili kwa pingili, kama mianzi. Kimeta, kiuacho ng'ombe na anayemchuna. Tangu siku ile kila akifumba macho alikuwa akiviona.

Mkurugenzi, Ntate Phafoli, hakutaka kuviona. Aliuliza kwanza kama kuna mtu aliyekwisha kuambiwa. Kisha akaeleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba wanunuzi wa sufu wanatua wiki ile, kwamba kimeta hukaa kwenye sufu, na kwamba wapo wakubwa ambao maghala yao yamejaa.

"Na chanjo, Ntate?"

"Chanjo hatuna. Ukitangaza ugonjwa usio na kinga yake, umemsaidia nani?" Akajimiminia chai. "Mkataba wako unaisha lini vile, binti yangu?"

Puleng akalifunga faili la majibu.

"Sema majani. Milimani si yapo majani yenye sumu?"

Basi Puleng akapanda Ha Lebusa katika gari la idara, mkurugenzi kando yake, akasimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema majani. Sauti yake ilikuwa ndogo. Chifu akamwomba arudie, naye akarudia.

Watu walishusha pumzi. Ntate Tšeliso, mume wa 'M'e Mathuso, mtu wa mizaha, akasema kumbe kesi ni ya tumbo, nyama haina hatia. Na mke wake kazika nyama ya bure. Mnyama aliyekula sumu si humwagwa tumbo, kikapikwa kilichobaki? Ndivyo walivyofanya babu zao. Wakacheka, na mkurugenzi akacheka nao. Puleng akaanza kukusanya karatasi zake. 'M'e Mathuso hakucheka. Alimtazama daktari kitambo, kisha akainama kama mtu aliyeaibishwa hadharani.

Ng'ombe wa pili alipoanguka, hakuna aliyetafuta kisu cha kukatia sikio. Ntate Tšeliso ndiye aliyechuna, mikono mitupu. Kikamtoka kidonda mkononi, cheusi katikati, kisichouma. Muuguzi wa zahanati alikuwa amesikia habari ya majani, akampa dawa ya kupaka.

'M'e Mathuso alipiga simu mwenyewe. Hakulaumu. Alisema tu, mume wangu tunamzika, uje, dokta, alikuwa akikupenda.

Njia nzima Puleng alilifanyia mazoezi lile neno, kimeta, midomo ikicheza, mpaka abiria wa jirani akamwuliza kama anasali.

Walipotoka makaburini waliketi uani. Nyama ya ng'ombe wa msiba ilikuwa ikiepuliwa, bila chumvi kama desturi. Mwanamke aliyekaa karibu naye alimweleza kwamba alfajiri ng'ombe huyo alikuwa ameanza kupepesuka, wakawahi kumchinja kabla hajaanguka mwenyewe. Majani tena, akasema. Lakini tumbo tumeshamwaga.

'M'e Mathuso akaja na sahani, akaiweka juu ya magoti ya Puleng.

"Wifi yangu anasema nyama ndiyo iliyomwua kaka yake. Wenzake nao wameogopa, hawataki kugusa." Alisema polepole, ili wote wasikie. "Nimewaambia, anayejua ni dokta. Kama alivyosema siku ile mbele yetu sote. Kula, mama, waone."

Wanawake waligeuka kumtazama Puleng. Upande wa wanaume, karibu na chifu, Ntate Phafoli, aliyekuja kuiwakilisha idara, alikuwa akiirudisha sahani yake kwa heshima zote, mkono kifuani, akieleza kwamba leo tumbo linamsumbua.

Kipande kilikuwa cha moto bado. Puleng akakishika, lile neno likiwa bado ulimini. Watoto, ambao hawakungoja kuambiwa, walikuwa wameshanyoosha bakuli zao kwenye sufuria ya nyama.