Visanduku Viwili vya Bibi Saveta

Sheria yetu inampenda sana mtoto asiye na wazazi. Inampenda kiasi kwamba hairuhusu mtu mwingine ampende mpaka watafutwe kwanza ndugu zake wote wa damu, hadi daraja la nne, waulizwe mmoja mmoja, na kila mmoja aandike kwamba hamtaki. Wakishamkataa wote, kwa sahihi na muhuri, hapo ndipo mtoto anatangazwa huru kupata wazazi. Aliyebuni utaratibu huo bila shaka alikuwa na utoto mzuri.

Smaranda alikuwa na miaka minne na ndugu kumi na mmoja. Kumi walishasaini. Wawili wanaofanya kazi Italia walirudisha fomu kwa posta haraka ajabu, na mmoja akaandika jina lake mwenyewe mahali pa jina la mtoto, kwa hiyo kwa muda fulani faili letu lilionyesha kwamba mjomba mtu mzima, mwenye sharubu, amejikataa mwenyewe. Aliyebaki ni Bibi Saveta, dada wa nyanya yake Smaranda, mwenye miaka sabini na tisa, wa kijiji cha Valea Mierlei. Ofisi ya ustawi wa jamii ilishamtumia barua tatu. Zote aliwashia jiko.

Mimi ni karani wa wakili Sorina Gâlcă, anayesaidia familia zinazotaka kuasili watoto. Wateja wetu walikuwa Lavinia Petcu, mwalimu wa hesabu, na mumewe Octavian, fundi wa lifti. Walikabidhiwa Smaranda akiwa na miezi minane, wamlee "kwa muda". Muda huo ulikuwa umeshaota meno yote, umejifunza kuongea, na unamwita Lavinia mama. Mkataba wao wa ulezi ulikuwa unaisha mwezi wa tano. Kama sahihi ya kumi na moja isingepatikana, msako wa ndugu ungeanza upya, na mtoto angehamishiwa kwa mlezi mwingine, mkoa mwingine, akaanze kumwita mama mtu asiyemjua.

"Nenda wewe, Anghel," wakili aliniambia. "Unajua kuongea na wazee."

"Najua kuongea na kila mtu, wakili. Kusikilizwa ndiyo bado."

Nikaenda. Fomu ilitakiwa isainiwe mbele ya katibu wa kijiji, Bi Veturia, mwanamke ambaye siri ikiingia sikio lake la kulia saa tatu, saa tatu na dakika tano iko kanisani. Bibi Saveta alikuja na kitambaa cheusi kichwani, akakaa, akaweka fimbo juu ya meza kama mtu anayeweka bunduki.

"Nisomee, mwanangu. Miwani yangu ni ya kuonea mbali."

"Kuna visanduku viwili, bibi. Unatia alama kimoja tu. Cha kwanza, unamchukua mtoto ukamlee."

"Nimlee na nyonga hii? Juzi nimeanguka nikimfukuza bata mzinga, akarudi yeye kunifukuza mimi. Na cha pili?"

"Kwamba humchukui."

"Sikukuuliza maana yake. Kisome kilivyoandikwa."

Nilikohoa kidogo. "Simtaki mtoto."

Bi Veturia, aliyekuwa anagonga mihuri kwa nguvu zote, aliacha kugonga. Hata kuhema nadhani aliacha, asije akakosa neno.

"Mimi nisimtake mjukuu wa dada yangu?" Bibi Saveta alisema polepole. "Niandike, nisaini, na huyu apige muhuri? Halafu Jumapili nikapokee komunyo mbele ya watu?"

"Mimi sijasema kitu, Bibi Saveta," alisema Bi Veturia.

"Bado," alisema bibi.

"Bibi, ni maneno ya ofisi tu," nilijitetea. "Hakuna anayeyachukulia..."

"Kama hakuna anayeyachukulia, kwa nini umeendesha gari kilomita themanini kuyafuata?"

Nina diploma ya sheria. Miaka miwili nilisoma, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyenifundisha jibu la swali hilo. Nilipokuwa bado nalitafuta, bibi alishachukua kalamu, akamtazama Bi Veturia usoni, akatia alama kisanduku cha kwanza. Aliitia kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

NAMTAKA MTOTO. Sahihi. Muhuri. Bi Veturia alikuwa ameshavaa koti la kutoka.

Nilirudi ofisini na fomu yangu yenye tundu.

"Nilikutuma ulete hapana," wakili alisema. "Umeniletea ndiyo."

"Na muhuri, wakili. Kazi safi."

Lavinia alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani. Hakucheka. "Kwa hiyo watampeleka kwake?"

"Hawatampeleka," alisema wakili. "Watatuma watu wakapime nyumba yake, madirisha, afya yake, kisima. Wataandika ripoti. Mwishowe watasema ni mzee mno."

"Mwishowe lini?"

Wakili alifunua kalenda ya mezani. Jibu lilikuwa mwezi wa nane, labda wa tisa. Mwezi wa tano ungekuwa umeshapita na mtoto.

"Twendeni kwake," Lavinia alisema akiinuka. "Na Smaranda."

"Huo siyo utaratibu, mama."

"Utaratibu umenila miaka mitatu na miezi, wakili. Nimeshakuwa mifupa. Anghel, gari lako lina mafuta?"

Jumamosi tukaenda: mimi, Lavinia, Octavian, mtoto, na sufuria ya sarmale, nyama iliyoviringishwa kwenye kabichi, maana huwezi kwenda kuomba jambo kubwa mikono mitupu. Bibi Saveta alitupokea getini bila mshangao. Alionja kabichi akiwa amesimama.

"Chumvi nyingi."

"Ndiyo, bibi," alisema Lavinia.

"Na mtoto amekonda."

"Anakula kuliko mume wangu."

"Mumeo naye ni nguzo ya umeme, siyo mfano wa kunipa." Akamgeukia Octavian. "Wewe nguzo, unajua kufanya nini?"

"Natengeneza lifti, bibi."

"Hapa tunaishi chini. Bawaba za geti zimeoza."

Octavian, ambaye katika miaka yote ya kesi hii nimemsikia akisema kama sentensi tisa, alienda kutafuta nyundo kwa furaha ya mtu aliyeokolewa.

Basi yule bata mzinga akatokea nyuma ya banda. Mkubwa, mwekundu shingoni, na sura ya afisa aliyecheleweshewa chakula cha mchana. Smaranda alikuwa katikati ya ua. Bibi Saveta alikuwa karibu naye zaidi, hatua tatu tu, akafungua mikono yake yote miwili. "Njoo kwangu, kipenzi, njoo!"

Mtoto akapita pembeni ya ile mikono kama upepo, akakimbia ua mzima, akajizika kwenye sketi ya Lavinia. "Mama! Mama, ananitazama mimi!"

Lavinia akamnyanyua. Bibi Saveta alibaki na mikono wazi kwa muda, kisha akaishusha, akaifuta kwenye aproni ingawa haikuwa na maji.  

"Dada yangu pia alikuwa anawaogopa," alisema mwishowe. Akakaa kwenye benchi. "Keti, mama."

"Bibi, nataka kukuuliza." Lavinia alikuwa bado amembeba mtoto. "Unamtaka kweli?"

"Hatimaye!" Bibi alipiga fimbo chini. "Barua tatu, karani mmoja, muhuri, na hakuna aliyeniuliza hivyo. Wote wamekuja kutaka niandike simtaki. Nitasemaje simtaki? Nikifa, dada yangu ananisubiri kule, na ulimi wake ninaujua."

"Sasa ungependa kuandika nini?" nilimuuliza.

"Kwamba sina nguvu. Na kwamba yuko pazuri, nimeona kwa macho yangu. Kisanduku hicho kiko wapi?"

"Hakipo, bibi."

"Basi nipeleke kwa jaji nikamwambie. Au jaji naye ana visanduku viwili tu?"

Siku ya kesi alivaa koti la mazishi, lile zuri. Jaji alikuwa na kesi kumi na nne kabla ya chakula, na alisoma fomu yetu akiiinua juu, akitutazama kupitia lile tundu.

"Bibi, hapa umesema unamtaka mtoto. Wakili ameandika kwamba umebadili nia. Kwa hiyo humtaki?"

"Sijabadili chochote. Namtaka."

Nyuma yangu mkoba wa Lavinia ulianguka sakafuni.

"Kwa hiyo unamchukua."

"Simchukui."

"Bibi, mahakama inahitaji jibu moja."

"Mheshimiwa, una mama?"

"Ninaye," alisema jaji, kwa tahadhari.

"Unaishi naye?"

"Hapana, lakini..."

"Kwa hiyo humtaki."

Mwandishi wa mahakama aliinamia karatasi zake ghafla, mabega yakimcheza. Jaji alivua miwani.

"Mimi ni mzee," bibi aliendelea, sauti chini sasa. "Huyu mtoto akiogopa, anamkimbilia yule pale. Nilimfungulia mikono, hakuja kwangu, na alifanya sawa. Simkatai. Namwacha alipo. Andika hivyo, au nirudishe nyumbani."

Jaji aliisoma tena fomu kwa dakika nzima, muda ambao kwenye mahakama ile ni likizo. Kisha akamgeukia mwandishi. "Andika: ndugu hana pingamizi."

Wakili Sorina alinitazama. Nami nikamtazama. Maneno matatu. Yalikuwepo kwenye sheria siku zote, yakakosa nafasi kwenye fomu tu, labda kwa sababu muhuri ulihitaji mahali pa kukaa.

Hukumu ya kuasili ilitoka mwezi wa nne, siku kumi na tisa kabla ya mkataba kuisha. Lavinia aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi zetu, akairudia, kisha akampa Octavian, naye akasema sentensi yake ya kumi: "Nimesahau nilipoegesha gari."

Nakala moja ilikuwa ya Bibi Saveta. Nilimpelekea mwenyewe, maana ukurasa wa pili ulikuwa na aya ambayo sikupenda asomewe na Bi Veturia.

"Inasema kuanzia leo udugu wa damu kati ya mtoto na jamaa zake wa mwanzo umekoma kisheria," nilimwambia.

"Kwa hiyo mimi si kitu chake tena?"

"Kisheria, bibi."

 Nje, geti alilotengeneza Octavian lilifunguka na kufungika kwa upepo bila kelele.

"Vizuri," alisema. "Basi hakuna tena mtu wa kuniletea karatasi. Waambie Pasaka waje. Mtoto atanipakia rangi mayai ya sikukuu, mimi mikono inatetemeka."

"Nitawaomba, bibi."

"Usiwaombe. Waambie wafike mapema, mayai ni sitini."